Poni wa Mtu Asiyetajwa

Mwaka wa pili wa ujane wake, Lementina alikuwa bado anapika pudini ya watu wawili. Hakukusudia. Mkono ulishazoea: unga, mafuta, nyama ya nguruwe ya chumvi, kitunguu, kunja, funga kwenye kitambaa, tumbukiza kwenye maji yanayotokota. Ikishaiva ndipo anapoona ilivyo kubwa, na hasira zinampanda. Nusu anakula, nusu anawatupia kuku. Kuku wa Lementina walinenepa hata kuruka ua wakashindwa.

Jina la mumewe silitaji. Kwetu Wajipsi, watu wa kuhamahama, aliyekufa hatajwi. Ukimtaja unamsumbua, na ukimsumbua anakuja. Nawe kama unalijua, funga mdomo. Tutamwita mumewe, na atatutosha hivyo hivyo.

Lementina mwenyewe alizaliwa ndani ya gari la kukokotwa na farasi, kando ya mashamba ya plamu ya Evesham, Uingereza, mama yake akiwa amechuma plamu mpaka uchungu ulipomshika. Shule aliiona kwa nje. Kusoma hajui mpaka leo, ila alizijua barabara zote za bonde lile na kila nyumba ambayo mbwa wake anauma. Msichana alipopevuka alitoroka na kijana mmoja kutoka mnada wa farasi wa Stow, kama tulivyotoroka karibu sote. Waliporudi baba yake alipiga makelele, mama yake akalia, halafu mtu akateleka birika, mambo yakaisha. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Vashti. Uzeeni wakanunua kipande cha ardhi kando ya barabara, wakaegesha karavani, nyumba yao ya magurudumu, wakafuga kuku, wakafuga na poni, farasi wa kimo kifupi.

Poni huyo alizaliwa mikononi mwa mumewe, asubuhi ya baridi kali. Mzee alikuwa amemtafuta mama wa poni huyo kaunti nne, akakesha naye, akamvuta mtoto kwa mikono yake na kumpulizia puani apumue. Alikuwa wa mabaka meusi na meupe, na alipokua akaota kila kitu ambacho farasi wetu anapaswa kuwa nacho: nywele za shingoni za kufika begani, manyoya ya miguuni ya kufunika kwato, na masharubu madogo juu ya mdomo. Jina hakupewa. Walimwita "Poni", naye akaitika.

Basi mumewe akafa, kifua kilimbana wakati wa theluji. Tulifanya inavyopaswa. Gari lake la zamani la mbao lilitiwa moto. Nguo, kitanda, viatu, vyote motoni. Vikombe alivyonywea vilivunjwa kimoja kimoja. Farasi wa marehemu naye huondolewa. Anauzwa kwa gorja, yaani mtu asiye Mjipsi, tena wa mbali, asionekane tena machoni petu. Manfri, kaka mkubwa wa marehemu, alikuja na mnunuzi tayari kwenye gari.

"Shemeji, lete kamba."

"Kamba ya nini?"

"Usijitie huelewi. Ya poni."

"Haendi."

Manfri alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limo humo, akaivaa tena. "Shemeji, wewe si mtoto. Mtu akiacha farasi, humfuata. Kila jioni atakuja hapo langoni kumtafuta. Unataka mzuka nyumbani kwako?"

"Na akija?"

"Na akija!" Manfri aliruka. "Huzuni imekupanda kichwani, mwanamke wewe. Haya, kaa na poni wako. Lakini chai yako hatunywi, na kwangu usije. Mzuka humfuata anayemlisha farasi wake."

Manfri si mtu mbaya. Alimpenda ndugu yake, na aliogopa. Lakini neno lake ndilo neno, na tangu siku ile hakuna mmoja wetu aliyetia mguu pale. Hata mimi nilipita na gari nikitazama mbele. Vashti na mumewe walikuwa wameegesha karavani yao kwenye uwanja wa Manfri, kwa hiyo naye akakatazwa. Majira ya kuchipua ya mwaka wa pili Vashti akajifungua mtoto wa kike. Lementina alimsikia mjukuu wake akilia kwenye simu. Mikononi hakumpata.

"Mama, si umuuze tu? Mbona mgumu hivyo?"

"Mtoto anafanana na nani?"

"Na wewe. Amechukua pua yako, maskini."

"Mlete nimwone."

"Muuze poni, nitamleta jioni hiyohiyo. Mtoto mchanga hapelekwi penye mzuka, mama, wewe ndiye uliyenifundisha."

Na ni kweli, yeye ndiye aliyemfundisha. Lementina aliweka simu chini, akatoka kumpa poni maji. Alikuwa mpweke, tusizunguke. Upweke wa mtu aliyezaliwa katika kundi la watu kumi na sita na mbwa saba ni kitu kingine kabisa. Unaamka naye alfajiri, unakaa naye kitandani. Siku nyingine alizungumza na redio, na redio ikamjibu kwa habari za foleni za magari.

Mtu pekee aliyefika langoni alikuwa gorja, Bi Hilda, jirani wa shamba la pili. Mwanamke mrefu, sauti ya kuita ng'ombe, maishani mwake hakuwahi kuomba ruhusa. Alikuwa akionyesha poni wake weupe mashindanoni tangu utotoni, na maua ya utepe aliyoshinda yalijaa chooni kwake mpaka darini. Siku moja alisimama langoni akamtazama poni wa Lementina kwa muda mrefu.

"Bi Lementina, huyu ni wa kuonyeshwa."

"Nimwonyeshe nani? Wamemwona wote."

"Maonyesho, mama! Uwanjani! Kuna shindano la poni wa mabaka wa asili, hawa hawa wenu. Unajua watu wanalipa nini kumpata wa namna hii?"

"Hauzwi."

"Nani kasema kuuza? Unamtembeza tu, mwamuzi anamtazama, unarudi naye nyumbani."

Lementina alidhani anachezewa shere. Kwetu farasi akiwekwa mbele ya watu, anauzwa. Kumpiga brashi, kumwosha, kumkimbiza watu wamwone, halafu urudi naye! Lakini alifikiri siku nzima. Akafikiri kwamba maonyesho yana watu, na kwamba ataamka asubuhi akiwa na pa kwenda. Jioni akavuka shamba kwenda kwa Bi Hilda. "Nifundishe," akasema.

Bi Hilda alifundisha kama askari. "Kwanza, mkasi uuweke mbali! Mimi wangu nawanyoa na kuwasuka. Huyu, ukimkata hata unywele mmoja umeharibu. Wa asili anaonyeshwa alivyoumbwa, na masharubu yake." Hilo lilimfurahisha Lementina, maana mkasi hakuwahi kuugusa. Kisha akafundishwa kuosha miguu ile kwa sabuni mpaka maji yatoke meupe, kupaka mafuta kidogo manyoya yasishike tope, na kuyasugua kwa unga wa mbao yakauke na kutanuka. Akafundishwa kumsimamisha poni mwamuzi aone miguu yote minne kwa pamoja. Akaambiwa: nenda kwa kutembea, moja kwa moja, geuka, rudi kwa mchakamchaka, kamba ilegee, na usiseme mpaka usemeshwe.

"Hilo la mwisho ndilo gumu," alisema Lementina.

"Naona," alisema Bi Hilda.

Maonyesho ya kwanza yalikuwa madogo, mwezi wa Juni, nyuma ya kanisa la kijiji. Lementina alivaa sketi yake nzuri na hereni za dhahabu za mama yake. Kwenye meza ya kuandikisha aliulizwa jina la poni, akasema Poni. Akaulizwa poni amezalishwa na nani. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Binti wa mezani alingoja, kalamu mkononi.

"Mtu mmoja," alisema Lementina.

Akaingia uwanjani. Wenzake walikuwa wametulia, poni wao wametulia, kila mtu anatembea utadhani msibani. Sasa, Lementina farasi amewashika tangu hajaota meno ya pili, lakini kuonyesha alikokujua yeye ni kule mnadani Stow, ambako farasi anakimbizwa barabarani kwa kishindo, watu wanatawanyika, kichwa kiko juu, kwato zinatoa cheche, mwenyewe anapiga kelele ili hata aliye kwenye baa atoke na glasi yake. Zamu yake ilipofika, yote ya Bi Hilda yakamtoka kichwani. Alipiga ulimi, akapiga ukelele, "Hoooop! Njia! Njia!" na poni, ambaye hakuwa ameusikia ukelele ule tangu mzee afe, akaondoka kama amefunguliwa. Wakazunguka uwanja wote. Mama mmoja alidondosha kofia. Poni mwingine alikaa chini. Nje ya kamba watu walishangilia, na Bi Hilda akajifunika uso kwa karatasi ya ratiba.

Mwamuzi alikuwa mzee mdogo mwenye kofia ngumu ya mviringo. Aliwapanga, akapita akitoa maua ya utepe, akimpa kila mmoja mkono. Lementina alikuwa wa mwisho. Mzee akampachikia poni ua lake, akageuka, akamnyoshea Lementina mkono.

Lementina aliweka mikono yote miwili mgongoni. Kwetu mtu akikunyoshea kiganja mbele ya farasi, nawe ukakipiga, biashara imekwisha. Hakuna cha kurudi nyuma, hata ulie machozi ya damu.

"Hauzwi," alisema.

"Samahani?"

"Nimesema hauzwi. Rudisha mkono wako, baba, tusikosane."

"Mama, mimi sitaki kununua. Nakupa pongezi tu."

"Pongezi zipe kwa mdomo. Masikio ninayo."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka, akampa pongezi kwa mdomo. Lementina naye alikuwa karibu kucheka. Kicheko kilikuwa kimeshafika kooni, cha kwanza tangu msiba. Ndipo kipaza sauti kikaanza kuwasoma walioshiriki, poni mmoja mmoja, na kilipofika kwake kikasema: "Poni. Aliyemzalisha: hajulikani."

Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema. Lakini hajulikani! Mtu aliyemtafuta mama yake kaunti nne! Aliyempulizia puani asubuhi theluji inaanguka! Kila mtu uwanjani pale ana aliyezalisha poni wake, mwenye jina na shamba, na wa kwake hajulikani, kama poni aliokotwa jalalani. Lementina alitoka uwanjani bila kumuaga mtu. Kwenye gari Bi Hilda alizungumza kuhusu kosa la kukimbia, na kosa la mkono, na jinsi ya kurekebisha, mpaka alipogundua kwamba anazungumza peke yake.

"Kuna nini tena, Bi Lementina?"

"Wamesema hajulikani."

"Kwani si wewe hukutaja?"

"Sitaji. Sisi hatutaji."

"Basi niambie mimi, nitataja mimi."

"Nikikwambia si nimetaja?"

Miaka yote ya ujirani Bi Hilda alikuwa akisema "mumeo", na sasa akagundua kwamba jina lenyewe halijui. "Basi umelifunga mwenyewe na ufunguo ukaumeza," alisema.

Alikaa na jambo lile kiangazi chote. Kila asubuhi alimtembeza poni barabarani, kamba imelegea, mdomo umefungwa, mpaka poni akajua kwenda kama mzee wa kanisa. Kila Jumapili Vashti alipiga simu, na kila Jumapili ilikuwa yaleyale. Mtoto ameanza kucheka, mama. Mtoto ameota jino, mama. Muuze, mama. Lementina alimwomba ampe mtoto simu, akamsikiliza akipumua. Alijua kabisa anachokifanya. Alijua kwamba kila siku anayomlisha poni yule ni siku anayomnyima mjukuu wake. Bado aliamka akampa nyasi, na jioni akaenda kuondoa komeo la lango, akaliacha wazi kidogo kama alivyokuwa akiliacha siku zote mzee alipochelewa.

Mwezi wa Agosti, siku chache kabla ya maonyesho makubwa ya kaunti, alikwenda kumgongea Bi Hilda mlango. "Vaa viatu," alisema. "Twende."

Walikwenda makaburini. Kaburi la mumewe huwezi kulikosa. Sisi kaburi hatulifanyii ubahili. Jiwe jeusi linalong'aa, kichwa cha farasi kila upande, na jina limechongwa kwa herufi za dhahabu zinazosomeka toka barabarani. Lementina alisimama pembeni, akanyosha kidole.

"Ndiye huyo."

Bi Hilda alivaa miwani, akafungua mdomo.

"Usitamke!" Lementina aliruka, kunguru wote mtini wakapaa. "Soma kimyakimya! Lishike moyoni, siku ile ulipeleke mezani. Mimi nitakuwa mbali."

Bi Hilda alisoma, midomo imebanwa. Alirudi mpaka nyumbani hasemi neno, kama fundi cherehani mwenye pini mdomoni, na kwa mtu wa sauti ile haikuwa kazi ndogo.

Siku ikafika. Uwanja wa kaunti si ule wa nyuma ya kanisa. Ulijaa mahema, kondoo, matrekta, watoto wenye aiskrimu, na vipaza sauti juu ya kila mlingoti. Bi Hilda alikwenda mezani. Lementina alisimama mbali nyuma ya trela, vidole masikioni, akiimba kwa sauti asisikie hata kwa bahati mbaya. Mzee mmoja alimtupia sarafu akidhani anaombaomba. Alimrudishia kwa tusi, ambalo nalo silitaji.

Alipoingia uwanjani alimwona Manfri. Amesimama nje ya kamba, kofia yake ileile, mikono kwenye kamba. Wajipsi hatukosi penye farasi. Macho yao yalikutana. Manfri akamtazama poni: manyoya ya miguuni meupe yakipepea, weusi unang'aa, nywele zimeanguka begani upande mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, uso wake ulilainika. Mtu anayejua farasi hawezi kuuzuia uso wake.

Safari hii Lementina alifanya kila kitu. Alikwenda kwa kutembea, moja kwa moja. Aligeuka. Alirudi kwa mchakamchaka, kamba imelegea, na poni akanyanyua miguu yake kwa raha zake. Alimsimamisha, miguu minne ikaonekana. Mwamuzi, mama mmoja mwembamba, alizunguka, akapapasa, akauliza anakula nini, Lementina akajibu na akanyamaza. Alipewa nafasi ya tatu. Ya tatu, kwenye kaunti nzima! Mwamuzi akanyosha mkono. Lementina alishafundishwa na Bi Hilda kwamba kushikana si kupigana viganja, akautoa wake, akauacha ushikwe kidogo, akaurudisha haraka kwenye kamba.

Kipaza sauti kikakohoa.

"Wa tatu, Poni. Anaonyeshwa na Bi Lementina. Amezalishwa na..."

Na likatajwa. Lote, la kwake na la ukoo. Lilitoka kwenye kila mlingoti, likapita juu ya mahema ya chai na vizimba vya kondoo, likagonga kilima, likarudi. Lementina mikono yote ilikuwa kwenye kamba, hakuweza kuziba masikio. Alilisikia. Mtangazaji alilitamka kigorja, akalivuta mwishoni isivyo, lakini lilikuwa lake. Akamshika poni shingoni. Ajabu ni kwamba halikumuuma. Kilichomuuma ni kutambua kwamba alikuwa ameanza kusahau linavyosikika.

Nje ya kamba Manfri alikuwa amepauka kama unga. "Umemwita!" alipaza sauti, watu wakageuka. "Mbele ya umati, shemeji! Umemwita, basi sasa mpokee mwenyewe!" Akapenya katikati ya watu, akikimbia kwa miguu yake ya uzee, kofia ameiangusha na hakurudi kuiokota.

Bi Hilda alimrudisha Lementina nyumbani na trela lake. Alitaka kuingia wanywe chai, washerehekee. "Kesho," alisema Lementina. "Leo nina mgeni." Bi Hilda alitazama huku na huku, hakuona mgeni, akaondoka.

Sasa nikwambie jambo ambalo hatukulijua, sisi tuliopita na magari yetu tukitazama mbele. Tulidhani Lementina haamini mzuka, au kwamba upendo wa mnyama umemtia ukichaa. Kumbe aliamini kuliko sisi. Sisi tulisema mtu humrudia farasi wake, tukakimbia. Yeye alisikia vilevile, akakaa. Sisi tuliogopa atarudi. Yeye hakutaka kitu kingine duniani. Ndiyo maana hakumwuza. Ndiyo maana lango lilikuwa wazi kila jioni. Alimnyima mjukuu wake mapaja yake mwenyewe kwa ajili ya tumaini hilo, na kila jioni mzee hakuja, naye akajiambia ni kwa sababu hajaitwa.

Leo ameitwa. Basi alipika pudini, na safari hii aliipika ya wawili kwa makusudi. Alitandika meza nje, akaweka vikombe viwili. Alimpiga poni brashi upya, akamfungia karibu na lango, ua lake la utepe bado liko kichwani. Akalifungua lango lote, mpaka mwisho. Akanawa uso, akavaa tena hereni. Akakaa.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya miti ya plamu. Alingoja, kisha akaona haya kumwachia gorja wa kipaza sauti kazi ya kuliita jina. Akalisema. Kwanza polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Kisha kwa sauti yake ya kawaida, ile aliyomwitia chakula miaka arobaini. Kisha akasimama akaliita kwa nguvu, mpaka shambani kwa Bi Hilda mbwa akabweka.

Gari la maziwa lilipita. Kuku waliingia bandani, wakigombania pa kulala. Poni alitega sikio moja upande wa barabara, na Lementina akashika meza kwa mikono miwili. Poni akainua mkia, akanya, akarudi kwenye nyasi zake.

Chai kwenye kikombe cha pili ilipoa, ikafanya utando juu. Lementina aliitazama. Lango lilikuwa wazi, barabara ilikuwa tupu, poni alikuwa anatafuna. Hapo ndipo mumewe alipokufa, kama utaniuliza mimi.

Simu ililia mezani.

"Mama!" Vashti alikuwa analia, na mtoto naye analia nyuma yake. "Baba mkubwa amefika hapa anatetemeka. Anasema limetajwa uwanja mzima. Mama, umefanya nini? Yuko hapo? Amekuja?"

"Mlete mtoto," alisema Lementina.

"Nakuuliza amekuja?"

"Nimemwita mwenyewe, mwanangu. Kwa mdomo wangu, mara tatu. Nimemngoja mpaka chai imepoa." Akapangusa uso kwa kiganja. "Mlete mtoto. Mwambie na baba yako mkubwa aje, kofia yake ninayo, Bi Hilda aliiokota. Msiogope chochote. Huku hakuna mtu."